Jeki Chini ya Slabu ya Mke Wangu

Kazi yangu ni kukodisha vitu visivyokaa mahali. Nina jeki, zile nguzo za chuma zinazorefuka na kufupika kwa kuzungusha nati, na nina mabamba ya chuma yanayounganishwa kwa pini mpaka yawe kitanda cha kumwagia zege. Vinatoka stoo kwangu Kilakala, vinashikilia slabu ya mtu, yaani paa la zege, zege likikomaa vinafunguliwa, vinakwanguliwa, vinapakwa oili chafu na kwenda kwa mwingine. Nyumba ngapi za Morogoro zimesimama kwa vyuma vyangu, na hakuna hata moja inayonikumbuka. Silalamiki. Ndiyo kazi yenyewe.

Nyumba yangu mwenyewe nilikuja kuijenga nikiwa nimeshachoka, huko milimani juu ya Mkuyuni, kwenye ardhi ya ukoo wa mke wangu. Kwa Waluguru ardhi hufuata upande wa mama. Mwanamume anaoa, analima, anajenga, watoto wanakuwa wa ukoo wa mama yao, na yeye anabaki mgeni anayeheshimiwa. Wenzangu wa mjini walinitania: "Unajenga zege ukweni? Bati ungeling'oa ukaondoka nalo. Slabu utaibeba?" Nikawajibu sina safari. Mke wangu alitaka slabu ili apate pa kuanikia karafuu bila kuku kuzichakura, na mimi nilitaka kuzeeka nikimwangalia akizigeuza.

Siku ya zege ndugu zake walijaa. Gari liliishia barabarani, vyuma vikapanda mlima kwa vichwa na mabega. Mke wangu alipika, akagawa chakula, akanicheka nilivyokuwa nafoka. Zege lilikuwa bado bichi alipoanguka jikoni. Tulimshusha hospitali anapumua, tukampandisha amefunikwa.

Masika yalikuwa yameanza. Mahali pekee pakavu pa kutosha wanaume wote wa msibani palikuwa chini ya slabu ile, katikati ya jeki. Wakatandika majamvi, wakakaa, na kila aliyechoka akatafuta jeki ya kuegemea. Basi mimi mfiwa kazi yangu ikawa kuzunguka: samahani mzee, usiegemee hiyo. Ndugu yangu, sogea kidogo. Jeki ikipinda haibebi tena. Mtu ananishika mkono kunipa pole, jicho langu liko kwenye mgongo wa mwingine. Nikasikia mmoja akimnong'oneza mwenzake, "Huyu anawaza vyuma vyake." Iliniuma sana. Kweli niliogopa slabu isije ikawaangukia watu, lakini niliogopa zaidi kukaa chini, maana ningekaa ningelia mbele ya wakwe, na nilijua nisingenyamaza.

Baada ya maziko nikawa mtu wa kusubiri. Msemaji wa ukoo ni kaka mkubwa wa marehemu, shemeji yangu, mtu wa maneno machache. Mke akifa, wakwe wana haki ya kumshukuru mume na kumwambia arudi kwao. Kwetu wapi? Wazazi wangu walishatangulia, ndugu wametawanyika, na mjini nina chumba cha kupanga kilichobanana na stoo. Nilitaka kitu kimoja tu duniani, kulala katika nyumba ile. Sikuwa na nguvu za kuomba. Shemeji naye hakusema kitu, mpaka arobaini ikasomwa na ubani ukaisha.

Asubuhi iliyofuata niliamka kutoa jeki. Zege lilikuwa limekomaa siku nyingi, na kazi ya mikono ilinipa pa kuelekeza macho. Huanzia katikati, unalegeza nati kidogo kidogo, unakwenda ukielekea ukutani, na kila hatua unasimama kusikiliza. Sikumwita mtu. Nilikuwa nimekwisha kutoa za katikati na kuzilaza nje niliposikia watu wanapanda mbio. Alikuwa shemeji na vijana wa ukoo, nyuma yao binti yangu aliyekuja kwa arobaini ya mama yake.

"Shikamoo, shemeji," nikamsalimia.

"Marahaba. Huko ng'ambo ya bonde watu wanasema unabomoa nyumba."

"Natoa jeki."

"Hata kama umeona hatukutaki, nyumba ya watoto ndiyo uing'oe miguu?"

"Kwani mmenikataa?"

"Nani kasema?"

"Wewe hujasema kitu."

"Na wewe umesema nini?" akaniuliza. "Tangu msiba unatufukuza kwenye nguzo zako tu."

Nikamweleza kwamba hizi si miguu ya nyumba, ni mikongojo, na nyumba isiyoachwa isimame yenyewe haijaisha.

"Itaanguka," akasema.

"Haianguki."

Hawakuniamini. Walisimama nje kwenye manyunyu, hakuna aliyevuka kizingiti, wakanitazama nikilegeza, nikitoa, nikirudi. Mabamba yaliposhuka yalipiga kishindo, vijana wakaruka nyuma. Juu pakabaki zege tupu lenye mistari ya maungio. Halikutoa hata mlio. Nilibeba jeki ya mwisho nikatoka nayo.

Shemeji alitazama slabu, kisha akamgeukia binti yangu. "Mwanangu, hii ni nyumba ya mama yako, sasa ni yako. Sema wewe."

Binti yangu akaingia. Alikwenda mpaka katikati, akainua uso, akapitisha kiganja kwenye ukuta ambao bado ulikuwa na majimaji. Mimi nilikuwa nje na jeki begani, nikisubiri kama wale wengine. Kila tofali la mle ndani nimelishika, lakini miguu ilikataa kuingia, na mdomo wangu ukatoa neno ambalo sikulipanga.

"Hodi."

Aligeuka, akaniangalia nilivyolowa. Alielewa nilichokuwa nauliza, na alielewa kwamba yeye ndiye wa kujibu.

"Karibu ndani, baba," akasema.

Nilifurahi, nikaumia, vyote kwa pamoja. Nikaitua jeki chini, nikavua viatu mlangoni kama mgeni, nikaingia, na ndipo nikamlilia mama yake.