Yule Niliyemwita Jina Kwenye Kilima

Hapana, sikuwa nimelala. Na usinitajie bia, miye sinywi, uliza mutu yeyote wa kanisa yetu hapa Louisville. Unabisha kwa sababu haukuwa kule. Miye nilikuwa kule, juu ya muti, upinde kwenye magoti, macho wazi. Bon, nyamaza kwanza nikwambie vizuri, halafu utabisha nikimaliza.

Asukulu unamjua? Haumjui. Ni Mbembe kama miye. Tulikulia kambini Nyarugusu mlango kwa mlango, mama yake anapika, miye ninakula. Tulipofika Amerika tukapanga nyumba moja mtaa wa Okolona, tukatumika depo moja ya mizigo, shifti moja. Mutu akimsema Asukulu vibaya mbele yangu, tunapigana. Nilipigana kweli, kwenye paki ya depo, kidogo wanifukuze kazi. Ujue hiyo kwanza, ndiyo utaelewa kwa nini roho inaniuma mpaka leo.

Baba yake alikuwa mwindaji kule kwetu Fizi. Kuwinda kwa huku tulijifundisha wenyewe kwa video za simu: upinde wa Wazungu wenye vigurudumu, laisensi, kiti cha kufunga juu ya muti. Lakini mahali pa kuwinda ndiyo ilitusumbua. Hatuna shamba, hatuna rafiki mwenye shamba. Kuna pori ya serikali, kila mwenye laisensi anaingia, donc basi kila mutu anaingia kweli. Mwaka wa kwanza tulikaa karibu na barabara, tukaona watu wengi kuliko swala. Mzungu mmoja alipita chini ya muti wetu anakula chipsi.

Ndiyo tukaanza kutafuta kwa akili. Tukitoka kazini tunafungua ramani kwenye simu, ile yenye mistari ya vilima. Tunatafuta pale mgongo wa kilima unalegea kidogo kati ya vilele viwili, maana swala ni kama wewe, hapendi kupanda bure, anapita pa chini. Tunatafuta tena kitu ya kumchosha mwenye tumbo: maji, mteremko mkali. Halafu baridi ikafika, majani yakaanguka, tukaenda kwa miguu. Kilima baada ya kilima, kusini ya Louisville. Zingine zilikuwa nzuri kwenye simu, ukifika unakuta makopo ya soda. Mpaka tukapata ile. Unavuka kijito, maji kwenye magoti, unapanda kwa mikono na miguu, na pale juu njia za swala zinakutana kama njia za kwenda sokoni. Miti imekwaruzwa na pembe. Zile mbegu ngumu zenye kofia, swala anazipenda kufa, zimejaa chini.

Asukulu alipiga magoti akaomba. Kweli, aliomba. Akaniambia hapa ni ya sisi wawili, hata bibi nitakayemuoa hatajua. Tukashikana mikono. Na akanikumbusha neno la baba yake: kwenye pori haumwiti mwenzako jina. Unapiga mluzi. Ukiita jina, kuna kitu ingine inalisikia na inalichukua. Nilicheka, lakini tangu siku ile tulipigiana mluzi tu.

Msimu ukafunguka. Jumamosi moja ya mwezi wa kumi Asukulu akasema ana ovataimu, niende peke yangu. Nikaenda. Kwenye vilima lazima ujue hewa: asubuhi inapanda, mangaribi inashuka. Nikafunga kiti changu pembeni, harufu yangu ishukie bonde la upande wa pili.

Jua linaingia, nikamwona Asukulu. Anapanda polepole kwa njia ya swala, na jaketi yake ya kahawia, mkono umeshonwa na uzi mwekundu. Mama yangu ndiye aliushona. Nilifurahi kama mtoto. Nikafikiri wamempa ruhusa kazini. Nikasahau yote, nikamwita jina, kwa sauti.

Akasimama. Hakuitika, aliinua uso tu. Halafu swala jike akatokea chini yake, palepale hewa inaposhukia. Sikia vizuri sasa. Harufu ya Asukulu ilikuwa inaenda moja kwa moja puani mwa yule mnyama, na swala akinusa mutu anaruka hata mutu hajamwona. Huyu alimkaribia, akajisugua shingo kwenye mguu wake kama anajisugua kwenye muti, akaendelea kula.

"Shuka," akasema. Sauti ni yake kabisa. "Hapa si kwetu tena."

Utaniuliza kwa nini nilishuka. Ndugu yako akikwambia shuka, wewe unafanya nini? Nilimfuata. Kwenye majani makavu nilisikia miguu yangu tu. Akanionyesha kwa kidole. Miti mitatu, viti vitatu vipya, kamba bado zinang'aa, na vipini vidogo vinavyong'aa ukivimulika tochi vimechomwa kwenye miti njia yote, ili watu wasipotee gizani. Nikamuuliza nani amewaleta watu hapa.

"Miye," akasema. "Niliwaleta wiki iliyopita. Nikawaambia ni miye peke yangu nilipapata."

Alisema bila haya, kama mutu anakusomea saa. Hasira yangu unaijua. Nikamkamata jaketi kifuani. Ndani hamkuwa na mutu. Mlikuwa na baridi na majani yaliyooza, mkono wangu ukazama mpaka kiwiko, na uso wake bado unanitazama, hata haujakasirika. Nikauvuta mkono, nikakimbia. Upinde uko kule juu ya muti mpaka leo. Kijito nilikivuka namna gani, sijui.

Kwenye gari simu ikapata mtandao. Nikampigia. Alichelewa kupokea, na nyuma yake nasikia kinanda, wamama wanapiga vigelegele. Depo gani ina vigelegele?

Nikamuuliza uko wapi. Akababaika, halafu akasema Columbus, mwendo wa saa tatu na zaidi kwa gari, pale Gahanna, kwa mjomba wa mchumba wake. Ndiyo walikuwa wanapeleka mahari. Mahari ya Asukulu, na miye sipo. Miye ndiye nilipaswa kukaa mkono wake wa kulia na kumsemea kwa wakwe.

Nikamwambia nimemwona kilimani sasa hivi. Wewe ungecheka, ungesema nimerogwa. Yeye hakucheka. Aliniuliza polepole:

"Uliita jina yangu?"

Nikamwambia ndiyo. Nikasikia anahema. Nikamuuliza habari ya viti vitatu.

"Ni mashemeji," akasema. "Walikuja kutoka Buffalo. Shemeji akikuomba kitu, unamnyima? Nilijua utaelewa, ndugu yangu."

Nilielewa. Nilielewa kwa nini sikualikwa. Hao mashemeji, wenye duka lao kule Buffalo, pale Grant Street, wangemshukuru mbele ya watu wote kwa kilima chake, na miye nimekaa pale. Kinywa changu anakijua.

Alama ya siku ile nimebaki nayo. Mkono ule una baridi kutoka kiwiko mpaka vidole, hata mwezi wa saba. Depo wananiona na glavu moja, wanacheka. Daktari hakuona kitu, pastor aliomba, bado baridi. Lakini si huo unaonisumbua usiku. Kitu ya pori, isiyo na nyama wala mifupa, iliniambia ukweli. Ndugu yangu aliyekula nami sahani moja akanidanganya.

Alihamia Buffalo kwa wakwe. Baadaye alikuja kuniomba msamaha, akakaa kwenye sofa yangu, akalia. Jirani yangu ana mbwa, anambwekea kila mutu, hata pastor. Niliangalia kwa dirisha Asukulu anapita mbele yake. Mbwa hakuinua hata kichwa. Nilimpa chai, mkono sikumpa.

Donc wewe unayependa vilima, piga mluzi. Ukimwona mwenzako anakuja na haukumtegemea, angalia kwanza wanyama wanamfanyia nini, halafu ndiyo ushuke. Na pale mlipopatafuta wawili, usipeleke shemeji.

Jana Asukulu alinitumia ujumbe. Anasema msimu unafunguka, mashemeji wamekataa kurudi kule na hawasemi kwa nini, donc twende sisi wawili tu, kama zamani. Anasema hatapita kwangu kwanza. Atakuwa ananingojea kule juu.

Wewe unayebisha, ungeenda?