Kifungu Ambacho Dada Hakusomewa

Mume wangu anaitwa Subiri, na jina hilo si la kuzaliwa. Kapewa na wateja. Mtu akiingia na kompyuta kwapani, hata hajaketi, utamsikia, "Subiri kidogo." Hiyo kidogo yake inaweza kumaliza wiki. Mimi nilishazoea. Ndoa yenyewe nilisubiri miaka mitatu.

Tunafanyia kazi chumba kimoja. Meza yake ya ufundi iko kushoto, mashine yangu ya fotokopi iko kulia, na katikati kuna kiti cha plastiki ambacho kila mgeni huambiwa asikiegemee. Feni ni moja na inamwelekea yeye, eti kompyuta hazipendi joto. Mimi napenda?

Ufundi wake mkubwa, ule unaowaleta watu kutoka mbali, ni huu. Kuna kampuni inatengeneza kompyuta zake za bei ya kiwanja, na mfumo unaoziendesha hautaki kukaa kwenye mashine ya mtu mwingine. Subiri huukalisha. Anachukua kompyuta ya kawaida, anaifungua, anabadilisha kidude hiki na kile, kisha anaudanganya ule mfumo kwamba uko kwao. Ukiwaka, anapumua kama mtu aliyeshusha gunia. Halafu anabandika karatasi pembeni ya kioo: USISASISHE. Maana ukisasisha tu, mfumo unagutuka kwamba uko ugenini na kila kitu kinazima.

Sasa sikia kituko. Mume wangu ndiye binadamu pekee ninayemjua aliyesoma leseni ya kompyuta mpaka mwisho. Ule mlolongo wa maandishi ambao sisi wote tunabonyeza "nakubali" bila kuutazama, yeye aliuchapisha wote kwangu, wino wangu ukaisha, akapigia mstari kifungu kimoja: mfumo huu uwekwe kwenye mashine yenye chapa ya kampuni tu. Tangu siku hiyo, kila mteja anayetaka kazi hiyo husimama mbele ya meza, Subiri akamsomea kifungu neno kwa neno, akamwambia, "Hairuhusiwi. Umesikia? Bado unataka?" Akitaka, anasaini kwenye daftari.

"Mwizi gani anawasomea watu sheria kabla ya kuivunja?" nilimuuliza siku moja.

"Anayetaka kupata usingizi," akajibu, hata hakuinua kichwa.

Na mimi hapo nilikuwa natoa nakala ya kitabu kizima cha mtu, jalada kwa jalada. Nyani haoni kundule.

Wifi yangu, dada yake mkubwa, ndiye aliyemlea baada ya wazazi kufariki. Alifundisha sayansi shule ya msingi mpaka akastaafu, na kila mwaka alilalamika kuwa vitabu vyenyewe vina picha za aibu. Moyo umechorwa kama kiazi. Alipostaafu akasema atatunga chake, na picha atachora mwenyewe. Basi hapo ndipo mikono ikaanza kumtetemeka. Daktari akasema ugonjwa hautapona, utapunguzwa kasi tu. Nilimwona akichora jani la muhogo mara nne, mara ya nne akaichana karatasi, akalia. Sikuwa nimewahi kumwona akilia hata msibani.

Wiki ile ile Subiri akaunda kompyuta, akaiwekea ule mfumo wa watu, kwa sababu juu ya mfumo huo kuna programu ya kuchorea inayonyoosha mistari ya mkono unaotetemeka. Akaipeleka nyumbani kwa dada yake pamoja na kalamu ya kielektroniki. Wifi akachora jani. Likatoka jani. Alimbusu mdogo wake kwenye paji la uso kama mtoto.

Hakumsomea kifungu. Daftari halikutoka mkobani. Nilipomuuliza akasema, "Dada yangu mkubwa nimsimamishe kama mteja? Nimwambie asaini?" Nikaona ni heshima, nikaacha.

Miaka sita wifi amechora. Picha mia moja na arobaini. Mwaka huu akapata mchapishaji, tukafurahi, nikamwambia aniandikie jina langu kwenye shukrani. Mkataba ukaja.

Alikuja nao dukani asubuhi, amevaa nguo yake ya kutokea. Akakalia kile kiti, hakuegemea. "Mdogo wangu," akasema, "mimi sisaini nisichokielewa. Kuna kifungu hapa cha mambo yenu. Eti mwandishi anathibitisha kwamba programu na mifumo yote iliyotumika kutayarisha kitabu ina leseni halali. Nieleze, nisaini, niende."

Subiri akachukua karatasi. Akaisoma. Akairudia.

"Subiri kidogo, dada," akasema.

Mimi nyuma ya mashine yangu nilishaelewa. Nikamkonyeza. Nikamkonyeza tena. Jamani, si aseme tu ndiyo! Nani atakwenda kuifungua kompyuta ya bibi mstaafu? Mama wa watu kangoja miaka sita, mkono unazidi kuchoka, na huyu bwana anasimama pale na ukweli wake! Nikamwita kando, nikamwambia hivyo hivyo, kwa sauti ya chini lakini kwa ukali.

"Saini ni yake," akaniambia. "Uongo utakuwa wake."

Akarudi. Akavua miwani, akaanza kuifuta, na aliendelea kuifuta muda wote aliokuwa anaongea. "Dada, picha ni zako. Umezichora wewe, hakuna wa kukunyang'anya. Lakini mashine ile haina ruhusa. Mfumo niliouweka hautakiwi kukaa mle. Ukisaini hapa utakuwa umesema uongo."

Mashine yangu ilikuwa inamalizia nakala. Nikaizima.

"Tangu lini?" akauliza wifi.

"Tangu siku ya kwanza."

"Na hao wateja wako, si huwa unawasomea? Mke wako alinisimulia, tukacheka."

"Huwa nawasomea."

"Basi na mimi nisomee."

"Dada..."

"Nisomee, nimesema."

Akatoa daftari. Mume wangu, mtu mzima mwenye mvi, akasimama mbele ya dada yake akasoma kile kifungu neno kwa neno, sauti inakwama kama ya mwanafunzi asiyejua jibu. Akamalizia kama anavyomalizia siku zote: "Hairuhusiwi. Umesikia? Bado unataka?"

"Ningekukatalia," wifi akasema.

"Najua, dada. Ndiyo maana sikukusomea."

Kumbe. Miaka sita mimi naita heshima! Nilitaka kumkasirikia nikashindwa, nikaona tu jinsi alivyochoka.

Wifi akaomba kalamu, akakikata kile kifungu kwenye mkataba, na pembeni akaandika ukweli. Sentensi mbili tu, lakini kwa mkono ule zilimchukua muda, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Mchapishaji akajibu kwa adabu kwamba mwanasheria wao hawezi kupokea picha zile. Maneno wameyapenda. Picha zichorwe upya kwa njia halali, watangoja mpaka mwisho wa mwaka.

Kompyuta wifi aliirudisha dukani. Ipo chini ya meza ya Subiri, karatasi ya USISASISHE bado imebandikwa. Wateja wameshaiulizia mara mbili kama inauzwa, anawaambia wasubiri kidogo. Daftari halijapata jina jipya.

Wifi siku hizi huja Jumamosi na bahasha. Anachora kwa penseli, kwenye karatasi, mistari yote inacheza. Jumamosi ya kwanza Subiri aliiweka picha kwenye skana, ikatokea kwenye kioo chake, akashika kipanya. Ana programu nyingine ya bure, halali kabisa, angeweza kujaribu.

"Usininyooshee," wifi akasema.

"Kidogo tu, dada. Ni moyo, watoto watauona unatetemeka."

"Na wa kwako umetulia?"

Akaachia kipanya. Akaihifadhi picha kama ilivyokuja, akanyoosha mkono kupokea inayofuata. Zimeshafika kumi na tisa. Mimi nimemgeuzia wifi ile feni, na Subiri hajairudisha kwake.