Mguu wa Mama Nyanjura na Pikipiki ya Magesa

Ipo siku moja haijanitoka kichwani hadi leo, mwanangu, na nitakusimulia nikiwa na hasira, kwa hiyo nivumilie. Hasira hii umeniletea mwenyewe. Juzi ulikuja hapa kwangu Makoko na pikipiki yako mpya, ukaniomba nikuelekeze fundi wa kuitanua silinda ipate nguvu. Ukacheka na kusema, "Mzee, mlimani inalia tu, haina kitu." Nikakumiminia chai, nikanyamaza. Leo sinyamazi.

Enzi za ujana wangu nilikuwa fundi pikipiki pale Mukendo, Musoma mjini. Nilikuwa na kibanda cha mabati, spana zangu na majivuno mengi, na hayo majivuno ndiyo yaliyoniponza. Rafiki yangu Magesa alikuwa akibeba abiria na mizigo kati ya Musoma na Bunda. Pikipiki yake ilikuwa ndogo, na akipakia mtu mwenye ndoo za samaki ilikuwa ikipanda mlima kwa kukohoa. Akaniambia, "Fundi, hebu niamshie hiki kidude."

Nikakiamsha. Niliichomoa silinda, nikaipeleka kwa mkereza vyuma, akaitanua mpaka ikaingia pistoni ya pikipiki kubwa. Ukuta wa silinda ukabaki mwembamba. Niliuona, nikajiambia utavumilia. Nikakwangua kichwa cha injini ili mgandamizo uongezeke, nikapanua tundu la mafuta kwenye kabureta. Breki sikuzigusa. Magesa hakuniomba breki, na mimi sikumuuliza, maana hakuna anayemsifu fundi kwa sababu ya breki.

Ilipopita Mukendo mara ya kwanza watu waligeuza shingo. Nilitembea kifua mbele wiki nzima, mjinga mimi, na vijana wengine wakaanza kupanga foleni kibandani kwangu.

Basi siku yenyewe ilikuwa mchana, jua linawaka. Magesa alimpakia Mama Nyanjura, muuza samaki wa hapa hapa Makoko, na ndoo mbili za sato alizokuwa akizipeleka Bunda. Mimi nilifuata nyuma kwa pikipiki ya mteja, nikitaka kuona kazi ya mikono yangu ikipanda mlima. Ikapanda kweli, nami nikawa napiga kelele za furaha peke yangu barabarani. Mbele kidogo ya njia panda ya Butiama, ikiwa kwenye mwendo wake wote, pistoni ilipata moto, ikavimba, ikang'ang'ania ndani ya silinda. Tairi la nyuma likagoma kuzunguka na pikipiki ikalala chini.

Magesa alirushwa majanini, akatoka na michubuko. Mama Nyanjura alibaki chini ya pikipiki, mguu wa kulia umevunjika mahali pawili, sato wametapakaa lami nzima. Hakulia. Aliniangalia nikimkimbilia, akauliza, "Imekuwaje?"

Nikamjibu, "Ni bahati mbaya, mama."

Neno hilo, mwanangu! Mpaka leo nikilisikia kwa fundi yeyote natamani kumrushia spana.

Miezi ikapita. Magesa alikuwa ameniachia ile injini na hakutaka kuiona tena. Asubuhi moja Mama Nyanjura akaja kibandani kwa magongo. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Hakuitikia. Alikaa kwenye benchi la wateja, akanyoosha ule mguu, akasema, "Fungua hiyo injini. Nataka nione nilikalia nini."

Nikaifungua. Akanifanya nieleze kila kitu, hiki ni nini, kile ni nini, mwanzoni kilikuwaje, mimi nilikifanyaje. Nilipompa silinda alipitisha kidole ndani, akapata mahali pembamba palipopasuka.

"Magesa alijua?" akauliza.

"Alijua nimeitanua, mama."

"Na wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Na mimi je?"

Nikainamia spana zangu. Hapo ndipo alipowaka. "Mimi nauzaga samaki miaka yote hii. Wa jana nawatengaga upande huu wa sinia, wa leo upande huu. Mtu akinunua wa jana, anajua ni wa jana. Nikimficha, akaumwa tumbo, nitamwambia ni bahati mbaya? Nyie mmenipandisha juu ya samaki aliyeoza, mkaniambia twende Bunda!"

Akaiweka silinda kwenye benchi, akaondoka. Niliona haya kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Sikuitanua silinda nyingine tena, na wale vijana wa foleni niliwafukuza, wengine wakinitukana. Lakini mguu wake uliunga vibaya, na Bunda hakurudi tena na ndoo zake.

Wewe unamfahamu. Ni yule bibi unayenunua sato kwake kila Jumamosi, anayekuhudumia akiwa amekaa. Ulishawahi kuniambia ana uvivu wa kusimama. Litazame vizuri sinia lake, utaona samaki wako pande mbili.

Kwa hiyo usije hapa kuniambia pikipiki ni yako na shingo ni yako. Wewe unabeba watu! Shingo wanazokupa ni zao, na wamekupa bila kujua ulichofanya huko chini ya tangi. Ukitaka nguvu, tafuta pikipiki iliyoundwa na nguvu hiyo, na breki zake, na fremu yake. Hiyo yako ikilia mlimani, pakia mmoja badala ya wawili. Na ukinikaidi ukaitanua, basi kila abiria mwambie kabla hajanyanyua mguu kupanda: "Mama, injini hii nimeichezea, breki ni zile zile." Sema kwa sauti asikie. Halafu uje unihesabie waliopanda.

Nimemaliza kufoka. Nenda, mwanangu, na Jumamosi ukifika kwa yule bibi mwamkie kwa heshima kabla hujachagua samaki. Mungu akulinde barabarani, akupe riziki njema, na kila unayempakia ashuke kwa miguu yake miwili.