Fundi Rangi na Nyumba ya Mkunga

Mke wa mdogo wangu ni fundi rangi. Mtaani wanamwita Brashi, na hata watoto wake wakitumwa dukani huulizwa, "Brashi hajambo?" Mimi namwita shemeji, naye ananiita hivyo hivyo. Nikimwambia ana rangi kwenye kope, ananijibu kwamba mimi nina vumbi la stoo mpaka moyoni. Natunza stoo ya dawa kwenye zahanati, kwa hiyo hajakosea.

Kwa miaka mingi aliwapakia rangi watu wanaonunua nyumba kuukuu, kuzitengeneza na kuziuza. Alijua bei waliyonunulia na bei waliyouzia, maana fundi rangi huwa wa mwisho kutoka ndani ya nyumba, na watu huongea mbele yake kama wanavyoongea mbele ya ngazi. Siku moja akaniambia, "Shemeji, nimechoka kuwapikia wenzangu halafu naondoka na harufu." Alitaka kununua nyumba moja, moja tu, aitengeneze na kuiuza mwenyewe.

Akiba yake, kwa maneno yake, ilitosha milango na choo. Akaenda benki, akaniomba nimsindikize kwa kuwa navaa miwani na ningeonekana mtu wa maana. Ofisa wa mikopo alikuwa mpole. Alitazama kompyuta, akatuonyesha kwamba miaka sita nyuma shemeji alichelewa kurejesha mkopo wa ngazi na mashine ya kupulizia rangi. Ilikuwa kweli. Mwenye hoteli mmoja alimlipa maneno badala ya pesa, naye akachelewesha marejesho, ingawa baadaye alimaliza yote.

"Mama, jina lako lina doa," ofisa akasema.

"Doa mimi nalipiga msasa, napaka praima chini ya rangi, halionekani tena."

Ofisa akacheka kidogo. "Hili linatoka kwa muda, mama. Halitoki kwa praima."

Tulipofika nje, shemeji akasimama kwenye kivuli cha ukuta wa benki, akasema, "Basi tutafute mtu asiyetazama kompyuta."

Mtu huyo alikuwa mkunga mstaafu. Alikuwa na nyumba ya vyumba vitatu iliyovuja mpaka dari la bafu likaanguka, naye akahamia kwa binti yake. Wanunuzi walikuja, wakatazama juu, wakaondoka. Alipomwita shemeji ampigie hesabu ya kupaka rangi ili nyumba ivutie, shemeji alizunguka ndani, akagonga kuta kwa kifundo cha kidole, akarudi.

"Bibi, kupaka rangi hapa ni kumvisha mgonjwa suti. Niuzie mimi."

"Una pesa?"

"Ninazo kidogo."

Walikubaliana hivi: shemeji atoe sehemu ndogo papo hapo, na iliyobaki ailipe nyumba ikishauzwa, ndani ya miezi sita. Muda ukipita, nyumba inarudi kwa mkunga pamoja na kila kilichopigiliwa ndani yake. Mwanasheria alisoma kipengele hicho mara mbili, akamuuliza shemeji kama amekielewa.

"Nimekielewa. Ikinishinda, nitakuwa nimemjengea bibi bure."

Wakaweka sahihi wote wawili, nami nikaweka yangu kama shahidi.

Saruji na mabati alipewa kwa mkopo na mwenye duka la vifaa, ambaye alimuuzia rangi tangu angali msichana. "Wewe ukisema Ijumaa, ni Ijumaa," alimwambia. "Hao wa benki hawajawahi kukungoja Ijumaa." Mwashi naye alikubali kulipwa nusu sasa na nusu nyumba ikishauzwa. Anaitwa Timazi, kama ule uzi wa kupimia kuta, kwa sababu kuta zake zimenyooka na yeye mwenyewe hutembea ameinama upande. Mdogo wangu, ambaye ni dereva wa lori, alibeba vifusi kila aliporudi safari, akilalamika kwamba ameoa kampuni ya ujenzi.

Mpaka hapo kila kitu kilikwenda sawa. Paa likapigwa upya, bafu likapata dari na vigae, kuta zikapigwa plasta zikakauka. Ikafika zamu ya rangi, yaani kazi ya shemeji mwenyewe, na hapo ndipo alipokosea.

Fundi rangi aliyefunzwa vizuri hafungui kopo kabla ya kumuuliza mwenye nyumba. Baba yake alimfunza hivyo kwa makofi. Kwa hiyo asubuhi ile, bila kuwaza, alikwenda kwa mkunga na kitabu cha vipande vya rangi. "Bibi, sebuleni tuweke ipi?"

Mkunga alivaa miwani, akachagua kwa furaha. Sebule alitaka iwe ya damu ya mzee, chumba kikubwa kiwe kijani cha wodi aliyofanyia kazi maisha yake yote, na jikoni njano. Shemeji akapaka, na akapaka vizuri mno.

Timazi aliingia, akazunguka vyumba vyote. Kisha akauliza, "Brashi, hii nyumba ya nani?"

"Yangu."

"Haya."

Shemeji aliniambia kwamba alielewa maana ya lile "haya" wakati anaosha brashi, na maji yalikuwa yanatoka kijani.

Mkunga alianza kuja kila asubuhi na kigoda chake. Kwanza alisema amekuja kuona tu. Halafu akaleta mapazia. Wanunuzi walipokuja, yeye ndiye aliyewakaribisha, akawaonyesha vyumba. "Karibuni, wanangu. Hapa ndipo marehemu mume wangu alipokata roho, kwa amani kabisa. Hakupiga hata kelele." Wanunuzi walitazamana, wakashukuru, wakaenda zao. Mmoja alimnong'oneza shemeji mlangoni kwamba nyumba ni imara, ila anahisi kama amelazwa.

Mwezi wa tano wa mkataba ulipokaribia kwisha, shemeji alikonda. Deni la duka lilikuwepo, nusu ya Timazi ilikuwepo, na akiba yote ilikuwa ndani ya kuta zile. Alikuja kwangu, akakaa kwenye kiti cha jikoni bila kunitania, nikajua hali ni mbaya. Tulikwenda pamoja kumwona mkunga. Tulimkuta kwenye ile nyumba, ameketi sebuleni, anashona pindo la pazia.

"Bibi," shemeji akasema, "nyumba isipouzwa, inarudi kwako."

"Najua, mwanangu. Nahesabu." Hakuacha kushona. "Sitakudanganya. Kila mnunuzi akiondoka, usiku ule nalala vizuri."

Nilitarajia ugomvi. Shemeji aliinama, akaokota uzi ulioanguka, akampa.

"Kosa ni langu. Nilikuuliza rangi kama vile ungali mwenye nyumba. Kesho naipaka upya yote. Naomba uchukue mapazia, na naomba usije mpaka niiuze."

Mkunga alikunja pazia taratibu, pembe kwa pembe. Akamtazama shemeji, kisha mimi, akasema, "Baba, nibebee kigoda." Nilikibeba mpaka kwa binti yake.

Dukani, shemeji alisimama na kitabu cha rangi hata mwenye duka akamuuliza kama anasoma msahafu.

"Mimi ndiye huwauliza watu," shemeji akajibu. "Sijawahi kuulizwa."

"Nakuuliza mimi sasa. Unataka ipi?"

Alichagua rangi ya mchanga mkavu, nyepesi, vyumba vyote. Damu ya mzee ilitokeza mara mbili kabla haijakubali kufunikwa.

Wiki ya pili wakaja mwalimu wa hesabu na mkewe. Mke alifungua mabomba yote, mwalimu akapima vyumba kwa hatua, wakakubali bei. Benki ilikuwa imekubali kuwakopesha.

"Benki gani?" shemeji akauliza.

Ilikuwa ile ile. Alicheka mpaka akashika ukuta, rangi ikamganda kiganjani. Lakini benki ilisema pesa zitatoka baada ya wiki tatu, na muda wa mkataba ulikuwa umebaki siku chache tu. Akaacha kucheka.

Sasa alimhitaji mkunga, ambaye yeye mwenyewe alimfukuza. Tulimkuta uani kwa binti yake, anachambua mboga. Shemeji alichuchumaa, akaanza kuchambua naye. Alieleza yote, hakupamba, akaomba aongezewe muda. Mwisho akasema, "Ukikataa, una haki. Nimesaini mwenyewe."

Binti yake akasema kutoka jikoni, "Mama, mkataba ni mkataba. Nyumba mpya hiyo, bure."

Mkunga aliendelea kukata mashina. "Umeipaka rangi gani?" akauliza.

"Mchanga."

"Inachosha macho?"

"Haichoshi, bibi. Haisemi kitu."

Mkunga akaweka kisu chini. "Mimi nimezalisha wanawake miaka thelathini. Kila mmoja alikuja na tarehe yake imeandikwa kwenye kadi, na mtoto hasomi kadi. Hatukuwahi kumrudisha mtu nyumbani kwa sababu tarehe imepita." Akafuta mikono kwenye kanga. "Baba, una kalamu?"

Aliongeza mwezi mmoja, akaweka sahihi yake iliyolala. Binti yake alifunga mlango wa jikoni kwa nguvu kidogo.

Pesa zilitoka. Shemeji alimlipa mwenye duka, na siku hiyo ilikuwa Ijumaa kweli. Akamlipa Timazi. Kilichobaki, ukiondoa deni la mkunga, kilikuwa sawa na mapato ya miezi minne ya kupaka nyumba za watu. Haikuwa utajiri, lakini akiba yake ilirudi na wenzake.

Mkunga alilipwa ofisini kwa mwanasheria. Hakuzihesabu noti. Alizitia mkobani, akampa shemeji mkono, akaushika kwa muda, akamwambia bafu lile lisafishwe kwa sabuni ya kawaida, dawa kali itaharibu vigae. Shemeji akasema atawaambia mwalimu na mkewe.

Ile nyumba iko kwenye njia ya mkato kutoka pale kwenda kwa binti wa mkunga. Tulisimama mlangoni mwa ofisi tukimtazama mkunga akiondoka na binti yake. Walipofika njia panda, binti alishika upande wa mkato, mkunga akamvuta mkono, wakapita njia ya sokoni, iliyo ndefu na yenye vilima viwili.