Siku Mume Wangu Alipopata Mtu wa Kumsimulia

Safari ile niliitafuta mwenyewe. Kikundi chetu cha kina mama wa Kihonda kilitaka siku moja ya kutembea, nami nikapendekeza tuwachukue na waume zetu: asubuhi twende kwenye makaburi ya vita pale mjini Morogoro, kisha tupande Uluguru kuona mgodi wa zamani wa ulanga, yale madini yanayong'aa na kubanduka vipande vyembamba kama maganda ya kitunguu. Mume wangu aliitikia kwa kichwa tu. Yeye ni Mluguru, mzaliwa wa milima hiyo hiyo. Mimi ni wa Tabora, niliolewa nikaletwa huku. Ukimya wake nilikuwa nimeuzoea, tena nikiusifia kwa wenzangu, maana waume zao walikuwa na maneno mengi na nusu yake uongo.

Aliyetuongoza alikuwa msichana mwembamba mwenye buti za mvua na sauti ya kusikika mbali. Alitukusanya kati ya mistari ya makaburi, akatueleza jinsi Wajerumani na Waingereza walivyopigana katika nchi isiyo yao.

"Hawa mnaowaona wameandikiwa majina," alisema. "Waliowabebea mizigo, wale wapagazi, wengi wao hata kaburi hawana. Kuna mtu hapa ambaye babu yake alikuwa mpagazi?"

Watu walitazamana. Kisha nikasikia nyuma yangu, "Babu yangu."

Niligeuka. Alikuwa mume wangu, kofia kifuani.

Msichana alimfuata. "Shikamoo, mzee. Wewe lukolo gani?" Hapo alikuwa anamuuliza ukoo wa mama yake, maana Waluguru hufuata upande wa mama. Mume wangu alipoutaja, yule binti alipiga makofi. "Kumbe wewe ni mjomba wangu!" Akamwamkia upya, safari hii kwa kupiga goti, na kutoka hapo wakahamia Kiluguru. Kiluguru changu ni cha kununulia ndizi sokoni. Niliwasikia wakicheka, nikashindwa kujua wanacheka nini.

Tuliporudi kwenye Kosta, lile basi dogo tulilokodi, mume wangu alikaa mbele karibu na yule binti. Niliweka mkoba wangu kwenye kiti nilichokuwa nimemshikia, nikatazama dirishani mpaka barabara ya gari ilipoishia. Mwenzangu mmoja aliniinamia. "Leo mzee wako kafunguka," alisema. Nilimjibu kwamba jua ni kali.

Tulimalizia kwa miguu, kati ya migomba na matuta ya maharage. Mdomo wa mgodi ulikuwa mdogo kuliko nilivyotarajia, nusu umefunikwa na magugu. Ndani kulikuwa na baridi, maji yakidondoka, na kila tochi ilipogusa ukuta, ulanga ulimetameta kama magamba ya samaki. Wenzangu walishangilia. Mimi nilikuwa nimeinama, nakanyaga tope, nikiwatazama wale wawili mbele, mkono wa mume wangu begani kwa yule binti ili asiteleze. Mimi nilishikilia mwamba.

Tulipofika mahali mtu anapoweza kusimama wima, msichana alisema, "Mjomba, wasimulie na hawa kile ulichoniambia."

Mume wangu akasimulia. Babu yake alichukuliwa vitani pamoja na mdogo wake. Walibeba masanduku kichwani kuelekea Rufiji. Njiani mdogo wake akaugua homa, akaanguka. Babu aliomba muda wa kumzika, hata wa kumsubiri akate roho. Akasukumwa mbele. Aling'oa majani akamfunika uso, akaendelea na safari.

"Baada ya vita alikuja kuchimba ulanga humu," alisema. "Na kila jioni alikaa pale mlangoni mpaka mtu wa mwisho atoke. Hakuwa msimamizi, hakuna aliyemtuma. Hata mvua inyeshe. Mimi nilikuwa nakaa naye. Alikuwa akiniambia, hatuondoki mpaka wote watoke."

Msichana alijifuta macho kwa mkono. Mimi nilihisi moto kifuani, na haukuwa wa huruma.

Kwa sababu nyumbani kwangu kuna mtu ambaye hafungi geti mpaka wote wawe ndani. Watoto wetu walipokuwa wakubwa alikuwa akisimama pale nje mpaka wa mwisho arudi, nami nikimgombeza kwamba anawachunga kama wafungwa wa gereza la Kingolwira. Hakuwahi kunijibu. Nimelala na mtu huyo, nimemuuguza, nimemzalia. Halafu sababu ya lile geti anapewa msichana aliyekutana naye asubuhi, mimi naisikia nikiwa kwenye kundi la wageni, tope miguuni.

Tulipokuwa tunashuka nilimvuta pembeni. "Mbona mimi hujawahi kuniambia?"

Alifikiri kwa dhati. "Hukuwahi kuniuliza, mama. Yeye kauliza."

Jibu lile liliniuma kuliko kama angenitukana. Nyumbani nilimwomba anisimulie tena, sisi wawili. Alisimulia kwa kifupi, kama mtu anayerudia maelekezo ya njia, akaenda kuoga. Nilihisi nimepewa makombo.

Msichana akawa anapiga simu. "Nampa shikamoo mjomba," na mjomba anatoka nje kuongea. Jumapili moja akaja mwenyewe, na papai na ndizi. Nilipika, maana mgeni ni mgeni, ila ugali niliusonga kwa mwiko kwa nguvu zisizohitajika.

Tulipomaliza kula, aligeuza kiti akanitazama mimi. "Na wewe, mkaza mjomba, huko Tabora ulilelewa na nani?"

Nilitaka kumjibu kwa neno moja. Nikajikuta namwambia juu ya bibi yangu, aliyekuwa akipanda miti kurina asali wakati kazi hiyo ilikuwa ya wanaume. Jinsi alivyonipandisha nami nikiwa mdogo, akanifunza kupumua polepole ili nyuki wasinihisi. Jinsi siku moja tawi lilivyovunjika, akaanguka mbele ya macho yangu, nikakimbia peke yangu porini kutafuta watu. Binti aliuliza hiki, akauliza kile. Nikaendelea. Sikujua kama nilikuwa na maneno yote hayo.

Mume wangu aliweka kikombe chini.

"Hilo la bibi yako," alisema taratibu, "mimi hujaniambia."

Nilimtazama usoni, nikakijua kilichokuwa kinamchoma. Ningeweza kumwonea huruma. Badala yake nilisogeza kiti changu karibu zaidi na yule binti, nikamweleza jinsi tulivyomrudisha bibi nyumbani.