Siku Niliyowaita Kina Mama wa Banissa Walaghai

Afadhali mlisikie kwangu mwenyewe, maana najua mjini Garissa limeshatiwa chumvi. Mimi ndiye yule fundi wa maabara aliyewaambia kina mama sita waliotoka Banissa, mbele ya mnunuzi wao, kwamba mafuta yao ya ubani yamechanganywa na manukato ya dukani. Hadi leo nikikumbuka masikio yanapata moto.

Niwaeleze mashine kwanza, la sivyo hamtaelewa ujinga wangu. Unaidunga tone la mafuta, linageuka mvuke, halafu kuna gesi inayousukuma mvuke huo ndani ya bomba jembamba kama uzi, refu, limeviringishwa, na kila kitu kilichomo kinatoka kwa zamu yake na kuchora kilima chake kwenye skrini. Shughuli iko kwenye hiyo gesi ya kusukuma. Heliamu ndiyo safi na ya haraka, lakini inakuja kwa mtungi kutoka Nairobi, ikiisha unakaa ukiitazama barabara. Haidrojeni nayo ni ya haraka, ila bosi wetu akilisikia jina tu anaona moto. Basi mimi mjuaji nikashauri tununue kisanduku kinachotoa naitrojeni kwenye hewa hii hii tunayovuta (ni ya mwendo wa pole, lakini hewa ya Garissa nani atatulipisha?). Mtungi wa mwisho wa heliamu nikausukumia stoo, nikauita mzee mstaafu.

Siku ya wageni maabara ilikuwa inanuka kemikali za kuoshea vyombo, na mimi ni mtoto wa Kisomali, mgeni hawezi kuingia kwangu akaziba pua. Nikawasha makaa kwenye chetezo, nikatupia unsi wa mama yangu, ule anaoupika mwenyewe kwa sukari, udi na manukato, nikakiweka chetezo kwenye rafu kando ya kile kisanduku kwa sababu palikuwa na nafasi, chumba kikanukia kama nyumba ya harusi, nami nikajipongeza.

Wakaingia. Kiongozi wao alikuwa Eddo Halima (eddo kwetu ni shangazi, hata kama hamna damu moja), na mnunuzi alikuwa bwana mmoja wa Nairobi aliyekuja kuchukua mafuta ya msimu mzima, kazi yote ya wale mama, kama tu mashine ingesema ni safi. Nikadunga. Ubani ukatoka vizuri, halafu nyuma yake vikainuka vilima ambavyo ubani hauna.

"Eddo," nikasema kwa sauti ya msomi, "kuna manukato humu. Mmeongeza."

Mnunuzi akafunga daftari lake. Mama mmoja akauvuta mtandio akajifunika uso. Eddo Halima hakupandisha sauti, aliinuka tu akaja akasimama mbele ya skrini.

"Hii mashine usipoiba kitu," akauliza (alimaanisha usipoipa; p yake mara nyingine hugeuka b, kama ya nyanya yangu), "inaandika nini?"

"Haiandiki kitu, Eddo. Ni mstari tu umenyooka."

"Nionyeshe hiyo mstari. Mimi nauza maziwa pia. Debe nabima tupu kwanza, mtu asiseme nimemwibia."

Sasa hilo la kuiendesha tupu ndilo linalofanywa kila asubuhi, na mimi asubuhi ile nilikuwa napuliza makaa. Nikaiendesha tupu. Tukainama wote kwenye skrini, wale mama, mnunuzi, bosi, karibu saa nzima chai ikipoa, na kusema kweli nilisahau kuogopa, nilitaka tu kujua. Kilima cha kwanza kikainuka. Nikasema ni mabaki ya mafuta ya mwanzo. Kikaja cha pili, cha tatu, vyote ni vile vile vya manukato.

"Na hewa yako pia imeongezwa manukato?" akauliza Eddo.

Hakuna aliyecheka, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Yeye akanusa, akageuka. "Unsi hii nani amebika?"

"Mama yangu."

"Ana mkono mzuri."

Kisha akanyoosha kidole. Moshi wa chetezo ulikuwa unapanda, unapinda, unaingia taratibu kwenye matundu ya kile kisanduku changu, ambacho kichujio chake cha mkaa (hili bosi alilijua siku hiyo hiyo) nilipaswa kukibadilisha zamani. Manukato niliyoyaona yalikuwa ya mama yangu.

Mzee mstaafu akatolewa stoo. Nikaunganisha mtungi wa heliamu kwenye mashine, nikalipasha lile bomba moto mkali hadi likatakata, nikaendesha tupu, mstari ukanyooka. Mafuta yao yakatoka safi kabisa na mnunuzi akatia sahihi jioni. Nikamfuata Eddo pembeni nimwombe radhi, akanizuia.

"Ulisema mbele ya watu," akasema. "Rudi uombe mbele ya hao hao."

Nikasimama mbele yao wote nikasema nimewasingizia, kwa Kiswahili, halafu kwa Kisomali. Ndipo wakacheka, na mimi nikacheka, lakini Eddo alipokuwa anapanda gari akaniambia polepole: "Kijana, kama mimi si mtu wa kuuliza, leo tungerudi Banissa tukiitwa wezi."

Kicheko chao nilishakimeza. Neno hilo bado halijashuka. Nimeapa, kabla sijasema neno juu ya mali ya mtu, nitajishuku mimi kwanza, na chetezo nimekirudisha kwa mama.