Walidhani Ni Uhamisho

Wakili aliyekuwa akimsaidia dada yangu kupitia mtandao alisema faili lina kila kitu isipokuwa sauti za watu aliowahudumia. Dada ni daktari. Kwa miaka kadhaa alitafiti malaria ya watoto kule Ngenge, akifuatilia dawa zinavyoanza kushindwa. Mradi ulipokwisha, maabara ilifungwa na mkataba wake ukaishia hapo. Amerika, akaambiwa, ipo njia ya kupata ukaazi kwa watafiti wa aina yake: huhitaji mwajiri, bali uthibitishe kwamba kazi yako ina faida kwa afya ya umma na kwamba taifa linakuhitaji.

"Taifa lipi?" nilimuuliza.

"Punguza maswali, chukua koti la mvua."

Tukatoka Bukoba asubuhi kwenda Ngenge. Alikuwa amempigia simu mwenyekiti wa kijiji, akamwambia anaondoka na anaomba watu wachache waieleze kazi yake. Tulipofika tulikuta uwanja wa ofisi ya kijiji umejaa.

"Nani kakuhamisha, daktari?" mwenyekiti aliuliza kabla hatujakaa. "Mtaje tu. Muuguzi wetu walitaka kumpeleka visiwani. Tukaenda wilayani, mpaka leo yupo."

"Na safari hii tunabeba na watoto," mama mmoja akadakia. "Wakalilie humo ofisini mpaka wakubwa wakome!"

Watu wakacheka. Dada akainamia mkoba wake, akanipa daftari.

Wakaanza kusimama mmoja mmoja. Kazi yangu ilikuwa kuandika, kisha kutafsiri kwa Kiingereza. Yule mama alisema mwanawe alikuwa amelegea kama jani la mgomba lililopitishwa motoni, na daktari hakuondoka kitandani pake mpaka mtoto alipoomba uji. Baba mmoja alisema kabla ya utafiti ule walikuwa wakimeza dawa kwa kubahatisha. Kila mmoja alimalizia vilevile: kwa hiyo asiondoke. Wakili alitaka ushahidi kwamba anahitajika, nami sijawahi kusikia ushahidi mzito kuliko ule.

Nikamnong'oneza dada, "Niandike mpaka wapi?"

Akasimama. "Waitu, ndugu zangu, hakuna aliyenihamisha. Nimeomba mwenyewe. Naenda Amerika."

Kicheko chote kikakauka. Bibi mmoja aliyekaa kwenye ngazi akauliza polepole, "Huko, mwana wange, malaria ipo?"

"Kidogo sana, bibi. Huletwa na wasafiri."

"Basi utamtibu nani?"

Jibu nilikuwa nalo. Nililichapa mwenyewe kwenye ombi lake: usugu wa dawa hauna mipaka, na kitakachogunduliwa kule kinaweza kurudi hapa kuwa tiba. Ni kweli, na bado naamini ni kweli. Lakini mtoto aliyewahi kulegea alikuwa amekaa mbele yangu anamenya ndizi, nikashindwa kulitoa. Nilimtazama dada alitoe yeye. Naye alikuwa akimtazama mtoto yuleyule.

Mwenyekiti akanigeukia. "Andika, kijana. Andika alitutibu vizuri. Hiyo ya asiondoke, iache. Mtoto akishasema anakwenda, ukimshika mkono utamvunja tu."

Nikaandika hivyo, naye akazigonga mhuri karatasi. Watu wakatawanyika bila kelele, wakipita kumpa dada mkono kama kwenye msiba. Yule mama alikuwa wa mwisho. Aliushika mkono wa dada kwa mikono yake miwili.

"Bora usingetuambia, daktari," alisema. "Ungetuacha tuamini wamekuchukua."

Njia nzima ya kurudi dada alitazama dirishani.

Ombi lilikubaliwa. Sasa hupiga simu Jumapili, baada ya misa. Huuliza kama mvua imenyesha, kama kahawa imeanza kuiva, kama mama anakula vizuri. Kuhusu Ngenge haulizi, na mimi, ninayeuliza kila kitu, sijathubutu kumuuliza kwa nini.